Redio yenu Mombasa: leseni ya jamii au leseni ya biashara?

Juzi niliitwa Jomvu Kuu na kikundi cha kina mama na vijana wanaotaka kuanzisha redio yao. Tulikaa barazani baada ya alasiri, kahawa ikazunguka, na swali lao lilikuwa moja: tuombe leseni ya jamii au ya biashara? Kabla sijafungua mdomo mzee mmoja akaniwahi. "Mwanangu, sisi twataka kusikika tu. Hayo makaratasi ya nini?"

Sikumjibu vizuri siku ile. Nataka kumjibu sasa, kwa sababu hata mimi kwa miaka mingi niliamini hivyo hivyo.

Niliwahi kuendesha kipindi cha lugha, misemo na tungo za Kimvita, kila Alhamisi saa tatu usiku, katika stesheni moja ya mjini ambayo sitaitaja. Saa ile tulikuwa tukiinunua. Wazee walipiga simu kutoka Kuze, Kibokoni na Mikindani, na neno moja tu liliweza kubishaniwa dakika ishirini. Alhamisi moja nikafika mlangoni, askari akaniambia saa yetu imeuzwa kwa mtu mwingine. Nikaomba angalau rekodi. Nikaonyeshwa mkataba: kila kilichorekodiwa studioni ni mali ya stesheni. Sahihi ilikuwa yangu mwenyewe. Baadhi ya wale wazee wameshatangulia mbele ya haki, na sauti zao sina.

Kwa hiyo ulinganisho huu hauanzi na bei wala mitambo. Unaanza na swali la nani atakayeishika ile karatasi ya leseni siku ambayo hampatani.

Kusikika na kumiliki

Wamarekani wamelipitia jambo hili mapema, na historia yao inatufaa. Mwaka 1948 stesheni ya WDIA ya Memphis ilianza kugeuza vipindi vyake viwe vya Wamarekani weusi. Watangazaji weusi, muziki wao, habari zao. Lakini wenye stesheni walikuwa wazungu. Mwaka uliofuata, 1949, mhasibu mweusi Jesse Blayton aliinunua WERD ya Atlanta, ikawa stesheni ya kwanza Marekani kumilikiwa na mtu mweusi. Kwa msikilizaji aliyefungua redio asubuhi, pengine tofauti haikusikika. Ilikuwa kwenye kabati la ofisi: nani anaamua kipindi kife au kiishi, nani anaajiri, na faida inalala wapi.

Ilipofika 1978, jamii za wachache kule zilikuwa hazimiliki hata asilimia 1 ya stesheni zote. Mwaka huo Tume ya Mawasiliano ya Marekani ikatoa sera rasmi: mwenye stesheni akiiuzia jamii za wachache, anapewa cheti cha kuahirishiwa kodi ya faida ya mauzo hayo. Sera ilisaidia, na stesheni zikaanza kubadilisha mikono. Mwaka 1995 Bunge lao likaifuta. Mwaka uliofuata sheria mpya ya mawasiliano ikaondoa kikomo cha idadi ya stesheni za redio ambazo kampuni moja inaweza kumiliki nchi nzima, na katika miji mikubwa kampuni moja ikaruhusiwa kufika stesheni 8. Wenye stesheni moja moja wakaanza kununuliwa na wakubwa.

Njia iliyodumu zaidi ni nyingine kabisa. Mwaka 2000 Tume hiyo ilianzisha aina mpya ya leseni ya stesheni ndogo zisizo za biashara, zenye nguvu isiyozidi wati 100, zinazosikika umbali wa kilomita 5 na kidogo. Ni vikundi, mashirika, makanisa na shule zinazoruhusiwa kuomba. Ukichukua umbali huo ukaupima kutoka Jomvu Kuu, unaifikia Mikindani na Miritini, na kwa kikundi kile cha barazani hiyo ni dunia ya kutosha.

Afrika Kusini nao walichukua njia ya hisa: sheria yao ya mawasiliano ya 2005 inaweka kiwango cha chini cha asilimia 30 ya umiliki kwa watu walioonewa na utawala wa ubaguzi. Kwetu Kenya kiwango cha namna hiyo kwa jamii ndogo hakipo katika leseni za redio. Kilichopo ni Katiba ya 2010. Kifungu cha 34 kinasema vyombo vya utangazaji viwe huru kuanzishwa, vikifuata tu utaratibu wa leseni unaohitajika kuratibu masafa, na utaratibu huo usitawaliwe na serikali, maslahi ya siasa wala ya biashara. Kifungu cha 56 kinaitaka serikali iweke mipango ya kuziwezesha jamii za wachache kukuza utamaduni, lugha na desturi zao. Maneno mazuri, lakini hayakupi mnara. Mlango ulio wazi kwa jamii ndogo katika sheria yetu ni ile leseni ya jamii.

Leseni mbili, mezani

Zote mbili hutolewa na Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya chini ya sheria ya habari na mawasiliano ya 1998, ambayo imerekebishwa mara kadhaa, hasa 2009 na 2013. Chama cha siasa hakipewi yoyote kati ya hizo.

Leseni ya biashara anapewa anayetafuta faida, na kwa kawaida huyo ni kampuni. Kampuni ina hisa. Hisa zinauzwa, zinarithiwa, zinagawanywa, na mwenye asilimia 51 ndiye mwenye redio, hata kama wazo, sauti na jina ni vyenu. Hapa ndipo vikundi vingi vinapoangukia. Mnaanza watu saba, kila mmoja ana hisa sawa. Mtambo unakosa pesa. Anatokea mfanyabiashara mwenye moyo mzuri, kweli ana moyo mzuri, anatia pesa na kuchukua asilimia 60. Miaka mitano baadaye anafariki, warithi wake wanataka kuuza, na ninyi saba mnasikia habari hizo kwa jirani. Hakuna aliyevunja sheria. Kulihamisha jina la leseni kunahitaji idhini ya Mamlaka, lakini idhini hiyo haiulizi kama wazee wa Jomvu wameridhika.

Leseni ya jamii haina hisa. Sheria inataka redio hiyo imilikiwe na kuendeshwa na chombo kisichotafuta faida, ihudumie jamii maalumu, na wanajamii washiriki katika kuchagua na kuandaa vipindi. Pesa zake zinaweza kutoka kwa misaada, ufadhili, michango ya wanachama au matangazo. Jambo ambalo watu wengi hawalijui, na mimi nalipenda sana, ni kwamba "jamii" katika sheria hii si mtaa peke yake. Ni pia kundi lolote la watu wenye maslahi ya pamoja yanayotambulika. Wavuvi wanaweza kuwa jamii. Wenye lugha moja wanaweza kuwa jamii.

Pia sheria inaipa Mamlaka uwezo wa kuweka sharti kwamba kila mwanajamii awe na nafasi ya haki ya kuhudumu katika uongozi wa stesheni. Someni sentensi hiyo mara mbili. Siku mwenyekiti atakapoanza kuiita redio "redio yangu" na kumweka mpwa wake kwenye kila kiti, mna pa kusimama. Kwenye kampuni, mwenye hisa nyingi akimweka mpwa wake, hiyo ni haki yake.

Ushahidi wa jamii

Ombi la jamii linadai vitu ambavyo mfanyabiashara haulizwi kwa namna hiyo: kumbukumbu za mkutano ambao uamuzi wa kuanzisha redio ulipitishwa, maelezo ya pesa zitakakotoka, na ushahidi kwamba redio itaweza kujiendesha. Nimeona maombi yakipelekwa na kumbukumbu zilizoandikwa na mtu mmoja usiku wa kuamkia tarehe ya mwisho. Zinajulikana. Zote zina mwandiko mmoja, hakuna aliyepinga chochote, na kila mtu "aliunga mkono kwa kauli moja."

Kule Jomvu niliwaomba wanionyeshe kitabu chao. Ni daftari la kurasa 96, jalada limepakwa mafuta ya taa kidogo kwenye pembe. Ukurasa wa tatu unasema bi mkubwa mmoja alikataa redio kabisa, akihofia vijana watapiga muziki wakati wa swala. Chini yake imeandikwa waliyokubaliana: wakati wa adhana mitambo inanyamaza. Kisha kuna sahihi, na alama tatu za dole gumba kwa wino wa buluu. Nikawaambia waufunike ukurasa ule kwa plastiki, kwa sababu hakuna wakili atakayewaandikia ushahidi bora kuliko huo.

Kikundi lazima kiwe kimesajiliwa, na tangu 2022 tuna sheria maalumu ya usajili wa vikundi vya jamii. Usajili unadai vitambulisho. Hilo linasikika dogo mpaka ukumbuke kwamba Wamakonde wa Kwale walitambuliwa kuwa raia wa Kenya 2016, baada ya kutembea kwa miguu kuelekea Nairobi, na Wapemba wa pwani hii wakapewa hati zao 2023. Kabla ya hapo mzaliwa wa hapa hapa hakuweza kuwa mkurugenzi wa kampuni wala mweka hazina wa kikundi kilichosajiliwa. Kwa hiyo mkiwa mna wenzenu ambao hati zao bado, anzeni huko. Msiwaandike majina ya watu wengine kwa niaba yao. Nimeona redio ikipotea hivyo, kwa aliyeazimwa jina.

Masafa hakuna, au yapo kidogo

Hapa leseni zote mbili zinakutana na ukuta mmoja. Masafa ya redio kwenye mkanda wa kawaida wa FM yanaanzia 87.5 mpaka 108, na Mombasa yamejaa kwa muda mrefu. Zungusha redio yako uhesabu: ya taifa, ya dini, za Kiswahili za kampuni kubwa, za lugha za bara. Mwaka 1996 ndipo redio ya kwanza ya binafsi, Capital FM, iliporuka hewani Nairobi, na 2000 Kameme ikafungua milango ya redio binafsi za lugha za mama. Kabla ya 1996, tangu 1964, hewa yote ilikuwa ya serikali. Waliokuwa na mtaji waliwahi. (Wazee wetu bado wanaizungumzia Sauti ya Mvita ya miaka ya 1950, redio ya mji huu kwa Kiswahili na Kiarabu enzi za ukoloni, kana kwamba ilizimwa jana.)

Kanuni za utangazaji za 2009 zilikataza mtu mmoja kugawiwa zaidi ya masafa ya stesheni moja ya redio katika eneo moja, isipokuwa shirika la umma. Bila ulinzi wa namna hiyo jamii ndogo haina pa kuingilia kabisa.

Kwa mwombaji wa biashara, kisiwani kujaa kunamaanisha kusubiri sana, au kununua kampuni ambayo tayari ina masafa, na hapo bei anaipanga muuzaji. Kwa mwombaji wa jamii kuna nafuu moja: mtambo wake ni wa nguvu ndogo na eneo lake ni dogo, kwa hiyo pembeni mwa mji, Jomvu, Mtongwe, Kisauni ya ndani, uwezekano wa kupata nafasi bila kumkanyaga mwingine ni mkubwa kuliko wa anayetaka kusikika kutoka Likoni hadi Mtwapa.

Lakini mawimbi hayafuati ukoo. Wajomvu wanaishi pamoja, kwa hiyo mtambo mdogo unawafikia karibu wote. Wabajuni waliotawanyika Kisauni, Likoni, Malindi na Lamu hawafikiwi na mtambo mdogo hata mmoja. Jamii iliyotawanyika, hata kama sheria inaitambua, leseni ya jamii ya mtaa mmoja itaikata vipande. Kwao ningesema waanze na intaneti, wakusanye wasikilizaji na rekodi zao wenyewe, kisha waombe masafa pale walipo wengi. Intaneti ina udhaifu wake: mvuvi aliye baharini na redio ya betri hatumii bando kusikiliza.

Pesa, na chumvi

Ada za leseni ya jamii ni ndogo sana kuliko za biashara. Msidanganyike na hilo. Ada ndiyo gharama nyepesi kuliko zote. Mzigo ni umeme, kodi ya chumba, ada za hakimiliki za muziki, mafuta ya jenereta, na fundi.

Na Mombasa tuna gharama ambayo wenzetu wa bara hawaijui. Nilipanda siku moja na fundi kwenye mnara wa stesheni moja karibu na bahari. Viungo vya waya wa antena vilikuwa vimeota kutu ya kijani, laini kama kuvu wa mkate, na alipoigusa kwa bisibisi ikamwagika kama unga. Nusu ya nguvu ya mtambo ilikuwa ikipotelea pale, na kwa miezi wenye redio walikuwa wakilalamika kwamba kuna mtu anawaingilia masafa. Kila aliye karibu na chumvi aweke bajeti ya kupanda mnara, kusafisha na kufunga upya, si ya kununua mtambo tu. Mtambo wenyewe lazima uwe wa aina iliyoidhinishwa na Mamlaka. Ule wa bei rahisi ambao jamaa atakutumia kutoka nje unaweza kukwama, na ukipita, unaweza kutapika mawimbi nje ya masafa yako. Juu ya 108 kuna masafa ya ndege. Jomvu na Changamwe ziko jirani na uwanja wa ndege wa Moi, kwa hiyo idhini ya mamlaka ya usafiri wa anga juu ya urefu wa mnara si jambo la kuacha mwisho.

Upande wa mapato, tofauti ni hii. Stesheni ya biashara inachukua tangazo lolote halali, la benki, la simu, la saruji. Ya jamii, matangazo yake yanatakiwa yawahusu wanajamii na yawe ya eneo lile lile. Duka la vifaa vya ujenzi la Mikindani, kliniki, mama mwenye kuuza mahamri, cherehani, arusi, matanga. Nimefanya hesabu na vikundi viwili, na vyote tuligundua kwamba matangazo hayo yanalipa umeme na fundi lakini hayalipi mishahara. Mkichagua jamii, basi mmechagua kujitolea, kwa zamu zilizoandikwa, na mfadhili mmoja au wawili. Mfadhili akitoka, mnabaki na nini? Ulizeni hilo kabla hajaingia.

Kama nia yenu ya kweli ni ajira na faida kwa familia zenu, hiyo ni nia ya halali. Chukueni ya biashara, lakini andikeni kwenye katiba ya kampuni kwamba hisa haziuzwi nje kabla ya kutolewa kwa waliobaki, na kwamba rekodi za vipindi ni za waliotoa sauti. Wakili mmoja na wiki mbili zinatosha.

Hatari iliyo sawa kwa wote

Mwenye leseni anawajibika kwa kila kinachotoka hewani, hata kama kimesemwa na mpigaji simu. Baada ya machafuko ya 2007 na 2008 redio za lugha za mama zilitajwa waziwazi katika ripoti ya tume ya Waki, iliyoyachunguza machafuko hayo. Redio ya jamii ndogo iko karibu zaidi na ugomvi wa mashamba, wa ukoo na wa uchaguzi, na watangazaji wake ni wa kujitolea. Wekeni mtu wa kukata simu, mfundisheni, mlipeni hata kama hamwalipi wengine. Na mwanasiasa atakapoleta mtambo kama zawadi mwaka mmoja kabla ya kura, uandikeni kwenye daftari la mali ya kikundi siku hiyo hiyo, mbele yake, au msiupokee.

Kwa Jomvu Kuu jibu langu ni leseni ya jamii. Wako pamoja, wana mkutano wa kweli kwenye daftari, hawatafuti faida, na wanachotaka kulinda, lugha na kumbukumbu, hakifai kuwa hisa ya mtu. Kwa yule kijana wa Bamburi aliyenipigia akiwa na washirika watatu na wateja wa matangazo tayari, nilimwambia biashara, akanunue kampuni yenye masafa kama anaweza, na asithubutu kuiita ya jamii ili alipe ada ndogo.

Yule mzee wa barazani nimemtumia ujumbe wa sauti. Nilimweleza habari za kipindi changu cha Alhamisi na zile rekodi. Alinyamaza siku mbili, kisha akajibu kwa sentensi moja: mkutano mwingine ni Jumapili, nije na nakala ya ule mkataba wangu wa zamani, wausome wote kwa sauti kabla hawajatia sahihi chochote.